Nyota ya mpingo kwenye mninga: nilivyochagua programu ya CNC ya kupachika mbao

Mteja alitaka kasha la bi harusi la mninga, na katikati ya mfuniko nyota ya pembe nane ya mpingo. Kwa patasi ni kazi ya siku mbili. Karakana yetu ya Keko, Dar es Salaam, ilikuwa tayari na mashine ndogo ya CNC, yaani ya kukata mbao kwa kuongozwa na kompyuta, nikaamua nyota hiyo ikatwe nayo.

Kupachika ni kukata shimo kwenye mbao moja na kuingiza humo kipande cha mbao nyingine. Programu iliyokuja na mashine hukata shimo na kipande kwa biti (kisu kinachozunguka) iliyonyooka. Niliweka ya milimita 3. Biti ya namna hiyo haiachi kona kali kwa ndani, kona inabaki na mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 1.5. Ncha za nyota zikatoka butu. Nikazichokoa kwa patasi, nyufa zikabaki, nikajaza unga wa mbao na gundi. Mteja aliziona kabla sijasema neno. Ilibidi nimtengenezee mfuniko mwingine, na mninga mkavu mzuri haupatikani kirahisi.

Kuanzia hapo nilitafuta programu inayojua kupachika kwa biti ya V, yaani yenye ncha iliyochongoka. Biti ya nyuzi 60 huzama panapokuwa papana, na ikikaribia kona hupanda polepole hadi ncha yake imalizie kona kwa ukali. Kuta za shimo zinakuwa za mshazari, kipande kinaingia kama kizibo: ukikibana zaidi, mstari unazidi kufunga.

Nilianza na F-Engrave ya Scorch Works, ambayo ni ya bure. Michoro naitengeneza kwenye Inkscape, nayo ya bure. Kama unajifunza, anzia hapo, utapata kona kali bila kulipa chochote. Ila mimi nilichoka kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine kila mteja anapobadili ukubwa wa mchoro.

Sasa natumia VCarve Desktop ya Vectric, kampuni ya Uingereza. Unalipa mara moja, hukodi kwa mwezi. Kilichonivuta ni kwamba kuchora, kupanga njia ya biti na kuona kazi ilivyokatwa kwenye skrini vyote viko mahali pamoja. Vipimo vyangu ni hivi. Jike, yaani shimo, nalikata kina cha milimita 5. Dume, yaani kipande cha kupachika, nageuza mchoro wake kama kwenye kioo, naanzia kina cha milimita 4, kisha nashusha 2 zaidi. Dume likiingia, chini inabaki milimita 1 ya gundi, na juu milimita 2 za kupitisha msumeno ili kukata ubao uliobeba dume. Usisahau kugeuza. Nyota haitakuumbua, lakini herufi za jina la bi harusi zitakuumbua.

Jaribu toleo la majaribio kwanza. Utachora na kuona kila kitu, ila halikupi faili ya kukata mchoro wako mwenyewe. Programu hii inatumia Windows tu. Na Desktop ina mpaka: kazi isizidi milimita 635 kwa 635. Kwa makasha na meza ndogo inatosha kabisa.

Mpingo una mafuta, kwa hiyo naufuta kwa asetoni kabla ya gundi, tena napunguza mwendo wa biti, maana ncha ya V ikimeguka kona kali nazo zimekwenda. Nikishapaka gundi nabana kwa jiriwa usiku kucha, asubuhi napitisha msumeno na msasa.

Mfuniko wa pili ulitoka bila ufa hata mmoja. Nilipitisha ukucha juu ya ncha zote nane, sikuhisi kiungo. Mteja huyohuyo sasa anataka mlango wenye mayungiyungi kwenye fremu, na fremu hiyo inazidi mita mbili. Hapo Desktop haifiki, kwa hiyo naweka akiba ya VCarve Pro, ambayo haina mpaka huo wa ukubwa.