Kikaushio cha mboga cha jua kali: nimekitumia kiangazi kizima, nasema nilichoona

Siku kiliposhushwa kwenye pikapu, mama mkwe alikizunguka mara mbili, mikono kiunoni, kisha akaniuliza, "Mama Mwende, hili ni jeneza ama ni kabati?"

Sikumlaumu. Ni sanduku refu la mbao lililolazwa mshazari, limefunikwa ile nailoni nzito ya vivungulio (greenhouse), na kwenye ncha yake ya juu kumesimama kikabati chenye trei nne za wavu. Ndani ya sanduku kuna mabati yaliyopakwa rangi nyeusi. Jua linayachoma, hewa inaingia kwa chini, inapata moto, inapanda yenyewe kupita kwenye trei na kutokea kwenye dohani fupi. Hakuna umeme wala feni. Hakuna cha kuharibika, isipokuwa alichoharibu fundi mwenyewe.

Nilikinunua Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wa Nairobi. Fundi alianzia shilingi 12,000, tukaachana kwa 9,500, na pikapu hadi nyumbani Utawala ikanila 800 nyingine. Bwana yangu alinyamaza siku mbili. Lakini yeye si mchumaji. Nyuma ya nyumba nina kipande cha mita nne kwa sita na magunia saba ya udongo yenye sukuma, na nilikuwa nimepanda kila kitu kwa pamoja mvua za vuli zilipoanza, kama mtu asiyejua kuhesabu. Kufika Januari kunde, managu, sukuma na nyanya vyote vilikuwa vinaniita kwa wakati mmoja. Majirani niliwagawia mpaka wakawa wakiniona na karai wanafunga geti.

Sasa malalamiko, niyatoe kifuani. Fundi aliniapia kwamba rangi imekauka. Mara ya kwanza nilianika sukuma kidogo za kujaribia, jioni nikafungua mlango, nikapigwa na harufu kama ya gereji. Niliwatupia kuku. Kuku wakachakura, wakainua vichwa, wakaenda zao. Nilipompigia simu alinijibu, "Mama, hiyo harufu inajitoa yenyewe." Ilijitoa kweli, baada ya siku tisa za kukiacha juani bila kitu ndani. Na tundu la hewa la chini alikuwa ameliziba kwa waya wa kuku, ambao nzi anapita bila hata kuinama. Nilishona wavu wa mbu mimi mwenyewe. Bawaba za mlango nazo zimelegea, kwa hiyo ninaufunga kwa kamba ya katani. Kwa shilingi 9,500 sikutarajia kamba ya katani.

Jumamosi iliyofuata ndiyo ilinifanya nikisamehe. Tulianza kuchuma saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla majani hayajalegea. Kunde pekee zilitoka kilo nne baada ya kuchambuliwa. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda, anatoa vijiti na majani yaliyotobolewa na wadudu, huku akinieleza jinsi kwao Mwingi wanavyokausha kunde kwenye mkeka, bila mabati ya mtu yeyote. Ila upande wa kuchemsha nilimwachia yeye, na sijuti. Maji yakitokota anatumbukiza konzi kubwa, anahesabu kimoyomoyo, na jani likigeuka kutoka kijani kilichofifia hadi kijani kinachong'aa analitoa. Nilipima kwa simu, ni kama dakika tatu. Nilitaka kuziacha zaidi kidogo, akanipiga kofi la mkono. "Zikiiva si za kukausha tena, hizo ni za kula." Kisha moja kwa moja kwenye maji baridi, zichuje, zitandazwe kwenye trei bila kulaliana.

Saa nne zote zilikuwa ndani. Fundi alikuwa ameniambia nikielekeze mashariki "ndiko jua linakotoka," na kwenye jaribio lile la kwanza nilimtii. Siku hiyo nilitumia akili yangu. Januari jua la adhuhuri hapa kwetu liko upande wa kusini, kwa hiyo nilikigeuza kikatazama Kitengela. Ifikapo Julai nitakigeuza kitazame Thika, kaskazini. Kipimajoto cha oveni nilichoning'iniza ndani kilisoma 56 saa saba mchana, na hapo ndipo unapopataka: kati ya 50 na 60.

Trei ya chini ndiyo hukauka kwanza, maana inapata hewa ikiwa moto na kavu. Ikifika ya juu imeshabeba jasho la wenzake wote. Nilikuwa nikizibadilisha kila baada ya saa moja na nusu, na saa kumi na moja kasoro jani ukilifinya linavunjika kama karatasi. Kilo nne zimekuwa gramu 450 hivi, zimeenea kwenye mtungi mmoja mkubwa wa kioo na nafasi ikabaki. Rangi ndiyo iliyonishangaza. Zile za kuanikwa juani hugeuka kahawia, na vitamini A inakwenda na jua. Hizi jua halikuzigusa, zimebaki kijani kibichi cha giza. Mama mkwe aliichukua moja, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha. Hakusema kitu.

Nyanya usijaribu. Ama jaribu, lakini usiniite. Nilikata trei mbili vipande vyembamba, jioni zilikuwa bado zinanata, usiku unyevu ukaingia, na siku ya pili trei moja ilikuwa na ukungu mweupe pembeni. Kikaushio hiki kinajua majani. Ndoo iliyobaki niliipika nikaijaza kwenye chupa za nusu lita, kijiko kikubwa cha maji ya ndimu ya dukani kwa kila chupa, nikazichemsha zikiwa zimezama dakika 45. Usifuate dakika za vitabu vya watu wa pwani. Huku juu maji yanatokota kwenye nyuzi 94 au 95, hayafiki mia, kwa hiyo muda unaongezwa. Mpaka saa nne usiku jikoni kulikuwa kama bafu la mvuke na mgao wetu wa maji ulikuwa umebaki nusu mtungi.

Ukienda kununua, weka pua ndani ya sanduku kabla ya kutoa pesa. Kama kinanuka rangi, mwachie. Tazama wavu wa tundu la chini. Fungua na kufunga mlango mara kumi mbele yake, hata akikuna kichwa. Na kama una gunia moja tu la sukuma, mkeka wa mama mkwe unatosha, hii pesa nunua mbolea.

Nilichelewesha maoni haya kusudi, kwa sababu mboga iliyokaushwa haihukumiwi siku ya kukausha. Sasa ni mwisho wa Machi, mvua inachungulia tu haishuki, na shamba langu limebaki vijiti. Jana mama mkwe amerudi kutoka Mwingi. Niliziloweka kunde kwenye maji ya vuguvugu nusu saa, nikachemsha, nikakaanga na kitunguu na nyanya ya chupa, nikamalizia na njugu zilizosagwa. Alikula sahani ya kwanza kimya. Ya pili alijipakulia mwenyewe. Akanawa mikono, akauliza basi la Mwingi hutoza ngapi kwa mzigo wa urefu ule.

"Na umwambie huyo fundi," akaongeza, "mimi rangi nitapaka mwenyewe."