Sindano nzuri, majibu ya kuchanganya: kupima homoni za tezi ya shingo Kigoma mjini

Kaka yangu ana ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na tangu miaka minne iliyopita anatumia dawa yake, olanzapini. Mwaka jana alianza kunenepa, kuzubaa na kujifunika blanketi mchana, ilhali mtaa wetu wa Mwanga mzima unatokwa jasho. Nyumbani tulidhani ni ugonjwa wenyewe au dawa. Daktari wake ndiye aliyetuandikia vipimo vya TSH na T4 huru, homoni zinazoonyesha utendaji wa tezi ya shingo, pamoja na sukari kabla ya kula na mafuta ya damu, akieleza kwamba tezi ya shingo ikilegea humfanya mtu awe mzito, mnyonge na mwenye kuhisi baridi, na kwamba kwa mgonjwa wa skizofrenia dalili hizo hupita bila kutambuliwa kwa kuwa watu wameshamzoea akiwa amejitenga. Tulipima katika maabara moja binafsi ya hapa mjini, mara mbili, kwa shilingi 85,000 kila mara.

Nianze na tangazo lililobandikwa mapokezi, linalouza vipimo hivyo kwa jina la "kifurushi cha afya ya akili". Jina hilo linapotosha. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha skizofrenia wala kuikanusha. Daktari huitambua kwa kumsikiliza mgonjwa na wanaoishi naye, na kwa kumfuatilia. Damu hupimwa ili kujua kama kuna maradhi mengine yanayofanana nayo au yanayoizidisha, na kuona dawa zinaufanyia nini mwili, maana olanzapini inajulikana kwa kupandisha uzito, sukari na mafuta.

Chumba cha kutolea damu kinastahili sifa zote. Binti aliyetuhudumia alimwamkia kaka mwenyewe, "Shikamoo kaka," akasubiri mpaka "marahaba" ilipotoka, na ilichukua muda. Kisha akamuuliza yeye, si mimi, kama amekula na anatumia dawa zipi, akitaja lithiamu, ambayo huweza kuidhoofisha tezi, na karbamazepini, ambayo hushusha T4. Alipouliza kuhusu vidonge vya nywele vyenye biotini, kwa sababu huweza kuharibu usomaji wa mashine, kaka alijibu, "Sina nywele za kutunza," na hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote wiki ile. Mama alipotaja chumvi anayonunua sokoni kwa kupimiwa, isiyo na pakiti, alishauriwa anunue iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Sindano ilikuwa moja tu, na kila hatua kaka aliambiwa kabla.

Mapokezi ni habari nyingine. Siku ya kwanza mhudumu aliita kwa sauti, "Yule mgonjwa wa akili, majibu yake tayari," mbele ya watu wasiopungua kumi. Nililalamika kwa msimamizi, akaomba radhi, na mara ya pili kaka aliitwa kwa namba. Isitoshe, ni baada ya kulipa ndipo tulipoambiwa kwamba sampuli za homoni husafirishwa hadi Dar es Salaam, hivyo majibu yake huchukua siku tano.

Majibu ya kwanza yalionyesha TSH 6.8, wakati kikomo cha juu kilichoandikwa ni 4.0, na T4 huru 1.1, ambayo ni ya kawaida. TSH ni homoni ambayo ubongo hutuma kuihimiza tezi, kwa hiyo hupanda tezi inapozembea. Lakini kwa kuwa ongezeko dogo namna hiyo huweza kushuka lenyewe, daktari hakuanzisha dawa, akataka tupime tena baada ya miezi miwili. Tulipopima tena, TSH ilikuwa 5.1, na T4 huru 14.2. Mama alipoona 1.1 imegeuka 14.2 hakulala usiku huo. Nilirudi kuuliza, nikajibiwa, "Muulizeni daktari wenu."

Daktari alicheka kidogo, kisha akatuonyesha maandishi madogo pembeni ya tarakimu. Karatasi ya kwanza ilihesabu kwa nanogramu kwa desilita, ya pili kwa pikomoli kwa lita, na ukizidisha 1.1 kwa 12.9 unapata 14.2 ileile. T4 ya kaka haikuwa imesogea hata kidogo. Maabara inayobadili kizio bila kumwambia mteja ambaye yenyewe ilimpa karatasi ya kwanza inafanya uzembe, na siwezi kuuita kwa jina jingine, hasa pale ambapo familia imezoea kutarajia mabaya.

Hata hivyo tutarudi huko kwa kipimo cha tatu, kwa ajili ya yule binti, na tutakwenda saa mbili asubuhi kama mwanzo kwa sababu TSH hubadilika kulingana na saa za siku. Karatasi zote mbili nitazibeba, na kabla ya kulipa nitauliza sampuli inapelekwa wapi na T4 itaandikwa kwa kizio gani.