Mbao za kujengea tao la harusi Mwanza: ipi ya kununua kwanza, ipi ya kuiacha

Anayekusudia kujijengea tao la mbao kwa ajili ya harusi ya nje, iwe Capri Point, Luchelele au katika uwanja wa nyumbani Buswelu, aufikirie upepo kabla ya kufikiria uzuri wa mti. Mchana, nchi kavu inapopata joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka Ziwa Victoria, na mara nyingi alasiri, wakati wageni wamekwisha kuketi, ndipo unapokuwa na nguvu. Tao halibebi uzito mkubwa, lakini likishavikwa kitambaa na maua hushika upepo kama tanga la mtumbwi. Kwa sababu hiyo nimezipanga mbao kwa kuangalia unyoofu wake, ukavu wake na jinsi zinavyoshika skrubu, na baada ya hapo ndipo nikaangalia bei.

Chaguo la kwanza ni paini ya inchi mbili kwa nne, iliyokauka. Inapatikana karibu kila mahali panapouzwa mbao jijini. Nyingine husafiri kutoka nyanda za Iringa, kwenye shamba la miti la Sao Hill, ambalo ndilo kubwa kuliko yote nchini. Ni nyepesi, fundi asiye na uzoefu huikata kwa msumeno wa mkono bila shida, na inapokea rangi vizuri. Kasoro yake ni kwamba ikiuzwa mbichi hujipinda inapokauka, na tao lililokuwa wima siku ya kujengwa huinama kabla ya siku ya harusi. Basi usikubali muuzaji akuchagulie. Inua kila mbao mwenyewe: iliyo nzito kuliko wenzake wa kipimo hichohicho bado ina maji. Kisha ishike usawa wa jicho na utazame ukingo wake kutoka ncha hadi ncha, na uikatae yenye vifundo vikubwa katikati, kwa kuwa hapo ndipo huvunjika. Wakati wa masika na vuli mbao nyingi hulala nje zikinyeshewa. Ukilazimika kununua miezi hiyo, nunua wiki kadhaa mapema, uzipange kivulini huku umeweka vipande vidogo kati ya mbao na mbao ili hewa ipite.

Kwa tao la mraba, mbao tatu za futi 12 na moja ya mbili kwa mbili zinatosha, mradi ukate kwa mpango. Mbao mbili za kwanza hutoa miguu ya futi 8, na kila moja hubakiza futi 4, ambazo ndizo kitako cha kulalia chini, kimoja kwa kila mguu, kikielekea mbele na nyuma. Mbao ya tatu hutoa boriti ya juu ya futi 7. Futi 5 zinazobaki zigawe mara mbili, upate mihimili ya mshazari ya pembe za juu. Ile ya mbili kwa mbili ikate vipande vinne vya futi 3 vya kuegemeza miguu kwenye vitako. Futi 7 za upana hutosha maharusi kusimama bega kwa bega pamoja na gauni lenye mkia. Unganisha miguu na boriti kwa boliti mbili kila kiungo, kwa kuwa boliti moja huacha mbao izunguke. Tena tao la boliti hufunguliwa likapakiwa kwenye kirikuu na kufungwa upya ukumbini.

Chaguo la pili ni milunda ya mkaratusi. Ni imara, ni rahisi kwa bei, na ikibanduliwa magamba huwa na sura ya asili ambayo maharusi wengi wa sasa wanaipenda, nami naipenda pia. Nimeiweka ya pili kwa sababu mti wa mviringo ni mgumu kuunganisha kwa pembe sahihi, na mkaratusi mbichi hupasuka ncha unapokauka. Toboa tundu kwanza kwa keekee kabla ya kutia skrubu.

Mianzi inafuata. Inafaa kwa tao dogo la ndani, lililofungwa kwa kamba, misumari huipasua.

Mwisho kabisa naweka mninga na mkangazi. Ni mbao nzuri mno, na ndiyo sababu inayonifanya nisishauri zikatwe kwa shughuli ya saa chache. Ni ghali, na mninga ni mzito kubeba. Anayezitaka hata hivyo, labda kwa sababu tao litabaki bustanini kwa miaka, adai risiti na ahakikishe kwamba muuzaji ana vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kwa tao la kubaki nje, paini iliyotiwa dawa nayo inatosha, ila vipande vyake vilivyobaki visipelekwe jikoni kuwa kuni, kwani moshi wake una sumu.

Fedha utakazookoa kwa kuacha mbao za thamani zitumie kwenye uzito wa chini. Sehemu nyingi za Mwanza mwamba uko karibu sana na uso wa ardhi, hivyo kuchimbia miguu mara nyingi haiwezekani, na kwenye mchanga wa ufukweni shimo halishiki. Jaza mchanga kwenye viroba vinne, ukilaze kimoja kila upande wa kila kitako, uvifunike kwa kitambaa au majani. Vanishi ipakwe asubuhi, ndani au mbali na taa, ikauke kabla ya jioni. Wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga kwa makundi makubwa, na wakinasa kwenye vanishi mbichi itakubidi upige msasa upya.