Seti ya kuziba mianya ya mabawa ya glaida: inalipa, ila haimfai mwenye haraka

Hewa iliyo chini ya bawa ina kanieneo kubwa kuliko iliyo juu, na daima hutafuta pa kupenya. Kwenye glaida (ndege isiyo na injini) ya mbio yenye mabawa ya mita 15 kutoka ncha hadi ncha, pa kupenya ni mwanya wa bawaba kati ya bawa na eleroni au flapu, yaani vipande vinavyosogea nyuma ya bawa: eleroni za kuinamisha ndege upande, flapu za kubadili umbo la bawa. Hewa ikipanda humo hutokea juu ya bawa, mahali ambapo mtiririko tayari umechoka, ukinzani unaongezeka, na mwinuko uliopatikana kwa kazi kwenye hewa joto inayopanda unapotea bure. Seti tunayoipima hapa ipo kwa ajili ya tatizo hilo: utepe wa Mylar (plastiki nyembamba ngumu) uliopindwa tayari, tepu nyembamba ya gundi pande mbili, tepu ya Teflon (plastiki inayoteleza), kitambaa cha kuziba kwa ndani, na tepu ya zigizaga, yaani yenye ukingo wa meno meno.

Tuanze na kitambaa cha ndani, maana ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote. Wengi hudhani Mylar ndiyo inayoziba. Sivyo. Mylar hulainisha bonde lililo juu ya mwanya ili hewa ipite bila kujikwaa. Anayezuia hewa kutoka chini kwenda juu ni kitambaa. Seti isiyo nacho iache dukani. Kinabandikwa kikiwa kimelegea, eleroni ipelekwe hadi mwisho juu na mwisho chini, na kisikazwe popote. Kikikaza, ama kitararuka au kitapunguza mwendo wa eleroni, na hilo la pili ni baya zaidi.

Mylar yenyewe ina unene kati ya milimita 0.1 na 0.2. Hesabu urefu kabla ya kuagiza: eleroni na flapu za bawa moja zikiwa na mita 6.5, juu na chini kwa mabawa mawili ni mita 26, bila vipande vitakavyoharibika. Upana uchague kwa kupima, eleroni ikiwa imeshuka hadi mwisho: utepe ubaki umelala juu yake angalau milimita 5. Kasoro kubwa ya seti hii iko hapo, kwani huja na upana mmoja, ilhali mwanya wa karibu na kiwiliwili na ule wa nchani mara nyingi hailingani.

Kazi ya kubandika huharibikia kwenye usafi. Nta ya zamani na silikoni hazionekani, lakini gundi haishiki juu yake. Ondoa utepe wa zamani kwa joto la mashine ya kukaushia nywele, ukiuvuta taratibu karibu na uso wa bawa, kisha sugua mabaki ya gundi na umalizie kwa spiriti safi na kitambaa kipya. Asetoni iepuke, hulainisha rangi. Chora mstari kwa tepu ya karatasi, fanya kazi kwenye joto la nyuzi 20 hivi, na usiivute tepu ya gundi unapoilaza. Iliyovutwa hurudi polepole na kuacha mikunjo. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 pale eleroni inapokutana na flapu. Teflon inakaa kwenye eleroni, chini ya ukingo huru wa Mylar. Bila hiyo usukani unakuwa mzito na haurudi katikati wenyewe.

Tepu ya zigizaga haina mahali pamoja panapofaa kila bawa. Chini ya bawa, mtiririko tulivu ukichelewa kugeuka kuwa wa msukosuko hujitenga na uso na kuacha kiputo kirefu cha hewa iliyotuama, nacho kinavuta kama breki. Tepu huugeuza mtiririko mapema kidogo, mbele tu ya kiputo. Watengenezaji wa glaida ya ASW 20 B walifikia lengo hilo hilo kwa kupuliza hewa kupitia matundu madogo. Fuata kitabu cha ndege. Kama hakisemi, paka mafuta meusi ya injini chini ya bawa, ruka kwa kasi moja, halafu utazame: mafuta yaliposimama yakajikusanya mstari, ndipo kiputo kilipo. Tepu nyembamba mno haifanyi kazi, nene mno inaongeza ukinzani wake yenyewe.

Hatari ipo, na ni kubwa. Mylar ikibanduka ukingo wa mbele, huinuka mbele ya eleroni. Ikiteleza ndani ya mwanya inaweza kuikwamisha. Pitisha ukucha kwenye urefu wote kila siku kabla ya kuruka. Teflon na gundi vilivyo kwenye eleroni ni uzito pia, hivyo pima upya mizani yake, yaani ulinganifu wa uzito mbele na nyuma ya bawaba, maana eleroni isiyo na mizani hualika mtetemo unaoweza kuvunja bawa. Fundi mwenye leseni aidhinishe kazi nzima.

Je, si heri vibawa vya ncha, vile vidogo vinavyosimama kwenye ncha za mabawa? Mark Maughmer wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania ni kati ya waliovifanyia kazi kwa kina, na faida yake iko hasa kwenye mwendo wa polepole, wakati wa kuzunguka kwenye hewa joto. Kwenye kasi kubwa vinakuwa uso wa ziada wa kusuguana na hewa. Kupiga msasa bawa lenye mawimbi juu ya mhimili wake wa ndani nako kunalipa, lakini ni kazi ya wiki nyingi, na kipimo cha mawimbi, chenye uso kama wa saa na miguu miwili, hakiachwi mkononi hata mara moja. Mianya inayovuja hupoteza nguvu kwenye kila kasi. Ndiyo maana seti hii itangulie.

Kujua kama imefaa, ruka asubuhi hewa ikiwa imetulia, sambamba na glaida ya aina ile ile yenye uzito ule ule kwa kila mita ya mraba ya bawa, dakika kadhaa kwa kilomita 100 kwa saa, kisha 130, kisha 160, na mbadilishane pande kabla ya kurudia.