Miungano ya Elimu na Biashara au Vituo vya Umahiri wa Ufundi?

Katika Erasmus+, programu yake ya elimu na mafunzo ya mwaka 2021 hadi 2027, Umoja wa Ulaya hufadhili ushirikiano wa vyuo na waajiri kwa njia kadhaa, na mbili kati ya hizo huwatatiza waombaji wengi wasijue waombe ipi.

Miungano ya Elimu na Biashara hupewa hadi euro milioni 1 kwa miaka 2, au milioni 1.5 kwa miaka 3. Washirika wasipungue 8 kutoka nchi 4, na miongoni mwao lazima kiwemo chuo kikuu na chuo cha ufundi. Naliona sharti hilo kuwa la thamani kubwa, kwa sababu taasisi hizo mbili mara nyingi huandaa mitaala bila kushauriana, ilhali kiwanda kilekile huajiri mhandisi na fundi mchundo wafanye kazi bega kwa bega.

Vituo vya Umahiri wa Ufundi hupata hadi euro milioni 4 kwa miaka 4. Humo elimu ya ufundi ndiyo mhimili, nayo hufungamanishwa na mipango ya maendeleo ya eneo husika. Kwa kujaribu mtaala mpya, miungano inatosha. Mkoa unaotaka kubadilisha uchumi wake unahitaji kituo.