POPLA na tiketi za maegesho ya kampuni binafsi Uingereza: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. POPLA, chombo huru cha rufaa za tiketi za maegesho ya kampuni binafsi, inasikiliza rufaa bure, na uamuzi wake unaibana kampuni ya maegesho bila kukubana wewe. Nyota ya tano nimeinyima kwa ukavu wake: haina huruma hata chembe. Mtoto kuugua au foleni ndefu ya keshia haviingii kwenye mizani. Wanachopima ni mabango, saa na tarehe.

Kwanza soma tiketi imetoka kwa nani. Ya halmashauri (Penalty Charge Notice) na ya kampuni (Parking Charge Notice) zote zimeandikwa PCN, makusudi au si makusudi sijui, lakini wengi hunaswa hapo. Ya halmashauri ina njia yake, mpaka kwenye baraza huru la rufaa. Ya kampuni iliyo chini ya BPA, chama kimojawapo cha kampuni za maegesho, ndiyo inayokwenda POPLA. Iliyo chini ya IPC, chama kingine, inakwenda IAS, chombo chake cha rufaa.

Usilipe. Ukishalipa, kesi imekwisha. Kama ni maegesho ya supamaketi, muone meneja na risiti yako ya manunuzi. Akitaka anaifuta siku hiyohiyo. Akikataa, iandikie kampuni ndani ya siku 28. Wakikukatalia, barua yao lazima iwe na namba ya POPLA yenye tarakimu 10, na una siku 28 nyingine za kuitumia. Punguzo la kulipa mapema (kwa kawaida pauni 60 badala ya 100) ukienda POPLA lihesabu limekwenda.

Hoja iliyo na nguvu kuliko zote ni ya siku 14, ya sheria ya mwaka 2012 inayotumika England na Wales. Kama hakukubandikwa kitu kwenye kioo, barua lazima imfikie mwenye gari (yule aliyesajiliwa nalo) ndani ya siku 14, ukianza kuhesabu kesho yake. Gari limeegeshwa Jumatatu tarehe 3 Machi 2025: mwisho ni Jumatatu tarehe 17. Barua ikitumwa Ijumaa tarehe 14 inahesabiwa imefika siku ya pili ya kazi, yaani Jumanne tarehe 18. Wamechelewa. Hapo hawawezi kumdai mwenye gari, wanabaki kumtafuta dereva, nao hawamjui. Kwa hiyo barua yako yote iseme "dereva" na "mwenye gari". Ukiandika "nilipaki" umejimaliza mwenyewe, na sisi tuliozoea kuanza na samahani ndiko tunakoangukia.

Halafu zitazame picha mbili za kamera. Moja ya kuingia saa 3:12 asubuhi, nyingine ya kutoka saa 11:40 jioni. Kama gari liliingia mara mbili siku hiyo, kamera inaweza kukosa kulisoma likitoka mara ya kwanza, na safari mbili zikageuka kukaa kutwa. Dai picha zote za namba ya gari hilo kwa siku nzima, uambatishe risiti ya petroli au ya duka la mahali pengine yenye saa ya katikati. Kumbuka pia kamera inahesabu toka getini, si toka ulipozima injini, na kuna dakika 10 za nyongeza mwishoni. Na kama ulilipa ila mashine ikapewa herufi O badala ya sifuri, taratibu zao wenyewe zinataka tiketi hiyo ifutwe.

Piga picha za mabango usiku kama tukio lilikuwa usiku. Kampuni ikileta ushahidi wake utapata siku 7 tu za kutoa maoni, na hoja mpya hazipokelewi, kwa hiyo zote ziwemo tangu siku ya kwanza.

Ukishindwa, kampuni bado italazimika kwenda mahakamani. Barua ya kutishia kushtaki ina siku 30 za kujibu. Fomu ya mahakama yenyewe ni 14. Hiyo ukiinyamazia, hukumu inatoka bila wewe.