Leaf, Aqua au Vitz? Uliza kwanza gari litalala wapi

Wauzaji wa yadi za Nairobi watakuuliza una pesa ngapi. Mimi nakuuliza gari litalala wapi, kwa sababu jibu hilo ndilo linalopanga orodha hii ya magari manne.

Una uwanja na mita yako ya stima? Nafasi ya kwanza ni Nissan Leaf, gari la umeme mtupu, yenye betri ya kWh 40 (yaani yuniti 40 za stima). Hutumia takriban yuniti 15 kwa kilomita 100, ilhali Vitz kwenye foleni ya Thika Road hunywa lita 7 hivi kwa mwendo huohuo. Zidisha kwa bei ya tokeni na bei ya pampu, uone mwenyewe. Hakuna oili ya injini wala plagi za kubadilisha.

Ila usitoe hata shilingi kabla ya kuwasha dashibodi. Kando ya geji ya chaji kuna vijipau 12 vidogo. Hivyo ndivyo vinavyoonyesha afya ya betri. Vikibaki tisa, mwachie mwenyewe gari lake. Wengi huona chaji imejaa wakaridhika, lakini hata kikombe kilichopungua ukubwa hujaa. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji, kwa hiyo joto huichosha mapema. Ikiwa mpya hukupa kilomita 240 hivi: Nakuru utafika, Mombasa lazima usimame kuchaji, na tundu lake la chaji ya haraka ni CHAdeMO, ambalo si kila kituo kinalo.

Ukiwa umepanga ghorofani, nunua Toyota Aqua, gari la haibridi linalotumia petroli pamoja na betri inayojichaji gari likitembea. Haichomekwi popote, na kwenye foleni injini hujizima. Kagua kichujio cha feni ya betri karibu na kiti cha nyuma. Kikiwa kimeziba kwa vumbi, betri imekuwa ikichoshwa na joto polepole.

Ya tatu ni Vitz ya petroli, kwa anayekwenda kijijini kila wiki. Spea zimejaa Kirinyaga Road na fundi wake yupo kila soko.

Ya mwisho ni Leaf ya kWh 24. Hata mpya haikuvuka sana kilomita 130, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, zilizobaki huuzwa mkono kwa mkono zikiwa zimechoka. Bei yake huwavuta vijana wanaonunua gari la kwanza, na jambo hilo huniuma, maana betri mpya itameza akiba yao yote. Kama pesa yako inaishia hapo, tafuta Vitz kuukuu iliyotunzwa.